Sura ya 7: Naipaka Oili Kila Asubuhi, Mbona Cheni Inalegea?

Swali hili halina mwenyewe. Utalisikia kijiweni abiria wakiwa wachache, utalisikia kwa fundi chini ya mwembe, na utalisikia kwa mwenye pikipiki aliyemkabidhi kijana chombo kwa mkataba, sasa anaona pesa ya spea inakula hesabu ya siku. Anayeuliza kwa kawaida si mzembe. Kopo la oili analo, mswaki wa zamani anao, na kila kukicha anapaka. Cheni yake imelowa hadi inachuruzikia rimu. Lakini ikifika Jumamosi inapigapiga kava, na fundi anaikaza tena.

Jibu linaudhi kidogo. Cheni hiyo inaliwa kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na mara nyingi kinachoila ni ileile oili ya asubuhi ikiwa imechanganyika na vumbi la barabarani. Weusi unaong'aa kwa nje hausemi lolote kuhusu hali ya ndani. Kwa hiyo kabla ya kushika kopo tena, tuifungue cheni tuone imejengwaje.

Ndani ya cheni kuna nini

Omba kipande cha cheni chakavu kwa fundi yeyote, kioshe, kisha kikunje taratibu kwa vidole. Kinachokunjika ni maungio. Kwa nje utaona sahani, vile vibamba vyenye umbo la nambari nane vinavyobeba mvuto wote wa injini. Sahani za nje zimeshikwa na pini, kijiti cha chuma kigumu. Pini imepita ndani ya bushi, yaani kijibomba kilichobanwa kwenye sahani za ndani. Juu ya bushi imevikwa rola, pete inayozunguka na kukalia meno ya sproketi. Sproketi, kwa asiyeijua, ni gurudumu la meno: dogo liko mbele kwenye injini, kubwa liko nyuma kwenye habu ya tairi.

Mpangilio huu wa bushi na rola ni wa Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza. Aliupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1880. Kabla yake, cheni za mashine zilikuwa na pini inayosuguana moja kwa moja na matundu ya sahani. Sahani ni nyembamba, uzito wote ukaangukia ukingo, na cheni ikaisha upesi. Renold aliingiza bushi ili msuguano utandazwe kwenye eneo pana. Chuma cha leo ni bora kuliko chake, lakini umbo ni lilelile, na udhaifu nao ni uleule: pini na bushi vinasuguana gizani, vikitegemea tone la mafuta linalopaswa kupenya kwenye upenyo mwembamba kati ya sahani na sahani.

Ukiangalia vizuri utakuta nambari imegongwa kwenye sahani. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria Afrika Mashariki, nambari hiyo ni 428. Ile 4 ya mwanzo ni sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi, au mm 12.7, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata. Tarakimu mbili za mwisho zinahusu upana. Cheni ya baiskeli nayo ina nusu inchi hiyohiyo, ingawa ni nyembamba. Wale waliobeba watu kwa baiskeli mpakani Busia miaka ya 1960 walikuwa wakihangaika na kipimo kilekile unachohangaika nacho wewe.

Hesabu ya robo milimita

Mafundi husema cheni imevutika. Lakini sahani nzima hazinyooki kwa kazi ya kawaida. Kinachotokea ni kwamba pini inaliwa upande mmoja, bushi inaliwa upande wake, na kila ungio linapata nafasi ndogo ambayo haikuwepo. Nafasi hizo zinajumlishwa.

Tuseme cheni yako ina pingili 110, pingili ikiwa ni hatua moja kutoka pini hadi pini. Kila ungio likiliwa sehemu ya kumi tu ya milimita, unene wa karatasi ya kawaida, cheni nzima imeongezeka mm 11. Hiyo inakaribia pingili nzima. Likiliwa robo milimita, cheni imerefuka zaidi ya mm 27, na huwezi kuona chochote kwa macho zaidi ya kwamba imelegea.

Kipimo cha kuaminika hakihitaji mashine. Vuta upande wa chini wa cheni unyooke. Weka rula katikati ya pini ya kwanza, hesabu, uishie katikati ya pini ya 21. Hizo ni pingili 20. Cheni mpya ya 428 itakupa mm 254. Ikisoma mm 259 imerefuka asilimia 2, na watengenezaji wengi huweka ukomo hapo au karibu na hapo. Pima sehemu mbili tatu, kwa sababu cheni hailiwi sawasawa mwili mzima.

Kwa ufupi: kulegea ni dalili, na ugonjwa wenyewe uko kati ya pini na bushi. Kukaza kunaondoa dalili.

Vumbi lililolowa

Sasa turudi kwenye lile kopo. Mara nyingi lina oili chafu, iliyomwagwa kutoka injini ya mtu siku ya kubadilisha oili. Ni ya bure, ni nyeusi, inaonekana ina nguvu. Lakini oili huondolewa kwenye injini kwa sababu imechoka: imebeba masizi, chembe za chuma na tindikali zinazotokana na uchomaji. Kuipaka kwenye cheni ni kuhamisha uchafu kutoka mahali ulipofukuzwa na kuupeleka mahali pengine usipotakiwa. Nakubali kwamba cheni yenye oili chafu ni afadhali kuliko cheni kavu yenye kutu. Ni afadhali hiyo tu.

Tatizo kubwa zaidi ni la kupaka bila kusafisha. Vumbi la barabara ya udongo mwekundu, mchanga mwembamba wa pwani, matope ya masika yaliyokauka: vyote vina chembe ngumu. Vikikuta oili mbichi vinanata. Pingili zikianza kukunjika kwenye sproketi, maelfu ya mara kwa safari moja, ule mchanganyiko unavutwa ndani na kufanya kazi ya msasa. Kesho asubuhi unaongeza oili juu yake, na msasa unapata unyevu mpya. Ndiyo maana anayepaka kila siku bila kusafisha anaweza kununua cheni mapema kuliko jirani yake anayepaka mara moja kwa wiki baada ya kuiosha.

Grisi ina kosa la namna nyingine. Ni nzito mno kupenya. Inakaa juu, inakusanya mchanga, na huku ndani pini iko kavu. Uingereza zamani waendesha pikipiki waliijua hila ya kuivua cheni, kuiosha, kisha kuichovya kwenye kopo la grisi iliyoyeyushwa jikoni, ili iingie ikiwa moto na igande ndani. Hiyo ilifanya kazi kwa sababu ya moto, na ilihitaji jioni nzima. Grisi ya kupakwa baridi kwa kidole haifiki popote.

Ninachopendekeza ni oili ya giaboksi, SAE 80 au 90, ile nzito inayowekwa kwenye magiaboksi na difu za magari. SAE ni kipimo cha uzito wa oili: nambari ikipanda, oili inakuwa nzito. Vitabu vingi vya pikipiki vinaitaja hiyohiyo. Lita moja ni nyingi kwa mtu mmoja. Kijiwe kikichanga, inagawanywa kwenye chupa ndogo na kila mtu anatoa kidogo. Dawa za kupuliza za cheni zinazouzwa kwenye makopo ni nzuri na hazirukiruki ovyo, ila bei yake inahitaji mtu anayeendesha kwa starehe.

Kuosha

Kwanza jambo ambalo sitalirudia kwa upole: injini izimwe. Wapo wanaoweka pikipiki dabo stendi, wanatia gia ya kwanza, wanaacha tairi lizunguke lenyewe huku wameshika kitambaa kwenye cheni. Kitambaa kinanaswa, na kidole kinafuata kitambaa hadi kati ya cheni na sproketi. Hakuna kidole kinachotoka humo kizima. Tairi lizungushwe kwa mkono, gia ikiwa huru, funguo ikiwa mfukoni.

Vifaa ni vichache:

- mafuta ya taa au dizeli, kiasi cha kikombe
- brashi ya nywele za plastiki au mswaki wa zamani
- matambara mawili, moja la kusugulia na moja la kukaushia
- beseni au boksi bapa la kuweka chini

Mafuta ya taa ndiyo bora, lakini siku hizi kwenye vituo vingi hayapatikani kirahisi. Dizeli inafanya kazi, ila inaacha utelezi, kwa hiyo futa vizuri zaidi. Petroli achana nayo. Inawaka kwa cheche ndogo, inaharibu ngozi, na kwenye cheni zenye ringi inadhuru mpira. Cheni zenye ringi ni zile zilizowekewa pete ndogo za mpira kati ya sahani za ndani na za nje, ili kufungia grisi ya kiwandani ndani ya bushi. Utazitambua kwa kuchungulia kutoka juu: kila ungio lina kijiduara cheusi pande zote mbili. Kama yako ni ya namna hiyo, usiisugue kwa brashi ya waya hata kidogo, kwa sababu mpira ukikatika grisi inatoka na hairudi.

Kama pikipiki yako ina kava lililofunika cheni yote, lifungue. Watu wengi hawalifungui hadi cheni ikatike, na humo ndani utakuta tope limeganda pembeni miezi kadhaa. Lakini usilitupe. Kava ni kinga nzuri kuliko oili yoyote, na wanaolitoa ili pikipiki ionekane ya michezo wanalipia urembo huo dukani kwa muuza spea.

Lowesha cheni, sugua pande zote nne: juu, chini, kushoto, kulia. Sogeza tairi, endelea hadi uzunguke yote. Chokonoa pia sproketi ya mbele nyuma ya kifuniko chake, kwa sababu huko ndiko donge kubwa hujificha, na ukiliacha litairudishia cheni uchafu ndani ya kilomita chache. Futa, subiri ikauke. Maji na sabuni yanakubalika kwa kumalizia matope, ila yasiachwe yalale kwenye cheni. Mashine ya presha pale unapooshea pikipiki ielekezwe mbali na cheni: maji yenye nguvu yanapenya kwenye maungio na kusukuma mchanga kulekule ndani. Kwa wanaofanya kazi kando ya bahari, Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi inaharakisha kutu. Cheni iliyooshwa jioni bila kupakwa inaweza kuamka na kutu.

Mafuta machafu yaliyobaki kwenye beseni yasimwagwe mtaroni. Gereji inayokusanya oili chafu itayapokea.

Kupaka

Paka jioni, cheni ikiwa bado na joto la kazi, siyo asubuhi unapowahi abiria wa kwanza. Oili inahitaji muda wa kupenya. Ukipaka na kuondoka papo hapo, mwendo wa cheni unaitupa nje, nusu kwenye rimu na nusu kwenye suruali ya abiria.

Dondoshea upande wa ndani wa cheni, pale inapopita chini, sehemu inayogusana na sproketi. Cheni inapozunguka, oili hukimbilia nje. Ukiiweka ndani, njia yake ya kutoka itapitia kwenye maungio. Lenga mistari miwili, ule wa kushoto na ule wa kulia, mahali sahani ya ndani inapokutana na sahani ya nje. Tone moja kwa kila ungio latosha. Katikati ya rola hapahitaji kufurika. Acha dakika kumi, kisha futa nje kwa tambara kana kwamba unataka kuiondoa yote. Wengi hawapendi hatua hii, wanaona wamepoteza mali. Lakini oili ya nje haina kazi zaidi ya kuzuia kutu, na utando mwembamba unaizuia vya kutosha. Iliyo ndani haifutiki.

Mara ngapi? Kitabu cha pikipiki mara nyingi kitasema kila kilomita 500 hadi 1,000. Anayezunguka kilomita 100 kwa siku atafika 500 kwa siku tano tu, kwa hiyo kwake ni jambo la kila wiki. Msimu wa mvua, au ukiwa unafanya njia ya vumbi kwenda vijijini, punguza muda kwa nusu.

Kwa ufupi: osha, kausha, paka ndani, futa nje. Ukikosa muda wa kuosha, angalau futa kwa tambara kavu kabla ya kuongeza oili.

Kukaza, na mzigo ambao fundi haoni

Hapa ndipo cheni nyingi huuawa kwa mikono ya watu wenye nia njema. Mwenye pikipiki anakuja amechoshwa na kelele. "Fundi, kaza vizuri kaka, isinisumbue tena." Fundi anakaza hadi cheni inalia ikigongwa. Wote wawili wanaridhika.

Lakini pikipiki ilikuwa kwenye stendi, haina mtu. Tairi la nyuma limeshikwa na mkono wa chuma unaoning'inia kwenye bolti moja nyuma ya injini. Sproketi ya mbele haiko kwenye bolti hiyo, iko mbele yake kidogo. Kwa hiyo abiria wakipanda na shokabzoba zikishuka, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, hadi vitu vitatu, yaani sproketi ya mbele, bolti ya mkono na ekseli ya tairi, vikae kwenye mstari mmoja. Cheni iliyokazwa sawasawa kwenye stendi haina pa kuutoa urefu huo. Panda mishikaki, au funga gunia la mkaa nyuma, kisha ingia shimoni: cheni inavuta shafti ya injini kwa nguvu zote. Beringi ya sproketi ya mbele inaanza kuchakaa, sili inavujisha oili, beringi za habu zinalia. Wiki mbili baadaye mtu huyohuyo analalamika kuhusu injini.

Cheni lazima iwe na mchezo. Bonyeza katikati ya upande wa chini kwenda chini, kisha juu, upime jumla ya mwendo. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya mm 20 na 30. Kibandiko kilicho kwenye mkono wa nyuma au kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, na urekebishe ukiwa kwenye sehemu iliyokaza kuliko zote. Ukikuta mahali pamekaza kabisa na pengine panabembea, cheni hiyo imeliwa bila usawa na kurekebisha hakutaisaidia. Ukimaliza, waombe wenzako wawili wapande, kisha ibonyeze tena. Mchezo kidogo ubaki.

Cheni iliyolegea kupita kiasi nayo ni hatari. Inaweza kuruka meno, kutoka, kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua kasha la injini, au kufunga tairi la nyuma ukiwa kwenye mwendo. Ila ukisikia mshtuko kila ukitoa na kurudisha moto, chunguza kwanza raba zilizo ndani ya habu ya nyuma. Zikiisha zinatoa hisia ileile, na cheni inakazwa bure.

Wakati wa kusogeza ekseli, pande zote mbili zisogezwe sawa kwa kufuata alama. Alama hizo si za kuabudiwa, hasa kwa pikipiki iliyowahi kugongwa. Piga magoti nyuma uangalie cheni inavyoingia kwenye sproketi: inyooke, isiparuze upande mmoja wa meno. Na kwa breki za nyuma za ngoma, kumbuka kwamba kusogeza tairi nyuma kunavuta fimbo ya breki. Kanyaga pedali. Kama imekuwa fupi, legeza nati ya fimbo, la sivyo breki itashika njia nzima na habu itachemka.

Kupunguza pingili, na siku ya kununua

Bolti za kurekebishia zikifika mwisho, fundi atakushauri mkate kipande. Atatoa pingili mbili, cheni itafupika, tairi litarudi mbele, na utaona kama umezaliwa upya. Hesabu ya robo milimita haijabadilika. Kila ungio lililobaki bado lina nafasi yake ya ziada, kwa hiyo rola hazikai tena kwenye shina la meno. Zinapanda juu na kuyavuta, na meno yanachongoka na kupinda kama ndoano. Unaokoa cheni ambayo tayari imekufa kwa kuua sproketi mbili.

Jaribio la haraka: shika cheni pale inapozunguka nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiwa inanyanyuka hadi unaona nusu ya jino, muda umefika. Nunua seti nzima, cheni na sproketi mbili. Najua bei ya seti inauma, na najua muuzaji atakuuzia cheni peke yake bila kukuuliza. Lakini cheni mpya kwenye meno yaliyopinda italazimika kujifinyanga ili ifanane nayo. Ya mbele ndiyo huisha kwanza, kwa kuwa ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, kila jino la mbele linafanya kazi mara tatu ya jino la nyuma.

Seti mpya ikishafungwa, iangalie zaidi katika kilomita mia chache za mwanzo, maana hulegea kidogo inapojikalisha. Na kabla hujamlipa fundi, tafuta loki, kile kibanio chenye umbo la samaki kinachounganisha ncha mbili za cheni. Upande uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea, na mdomo ulio wazi ubaki nyuma: kwa upande wa juu wa cheni, uliozibwa utazame mbele ya pikipiki, kwa upande wa chini, utazame nyuma. Ikifungwa kinyume, jiwe au ukingo wa kava unaweza kuibandua. Mwambie aigeuze, na kama ni loki ya zamani aliyoitoa kwenye cheni iliyokufa, mwambie aweke mpya iliyokuja na seti.